Mdogo Kambeba Mkubwa Tumboni

Nyumbani kwa Mzee Seremala, kitendawili hakikuwa mchezo wa watoto. Kilikuwa na kazi. Kila jioni, chakula kikishaliwa na vyombo vikiwa bado mezani, mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi tu, alisogeza kiti chake karibu na cha mumewe na kusema, "Kitendawili." Mzee hujibu, "Tega." Akikitegua, Bibi huosha masufuria. Akishindwa, hudaiwa mji, na mji wa nyumba ile ulikuwa mmoja tu: beseni la vyombo.

Waliishi hivyo tangu watoto wakiwa wa kubebwa mgongoni mpaka watoto wakawa na watoto wao huko waliko. Mzee alikuwa hodari wa kutegua lakini hakuwa mchoyo wa ushindi. Siku akimwona mkewe amechoka, alikuna kichwa, akataja majibu ya kijinga mawili matatu, akasema, "Haya, chukua mji," na huyo akaelekea kwenye beseni.

Kilichokuja kuharibu mambo ni randa ya umeme. Miaka yote ya useremala ilikuwa ikinguruma kando ya kichwa chake, na masikio yakaliwa polepole, kama mchwa anavyokula mlango: ukiutazama ni mzima, ukiugusa ni unga. Alipostaafu alivishwa vifaa viwili vya kusikia, kimoja kila sikio, akaviita mapacha. Akiamka, kabla ya kutafuta viatu hutafuta mapacha. Vikamfaa kwa miaka mingi. Lakini masikio nayo hayakuacha kushuka, na sasa mapacha walikuwa wakisema chini kwa mtu anayesikia juu.

Bibi alianza kwa kuongeza sauti kidogo. Kisha kidogo tena. Sauti ikapanda ngazi bila mwenyewe kujua, mpaka akawa akimuuliza mumewe kama anataka chumvi, watu wa barabarani wanageuka. Mzee alikuwa na dawa yake: kila alichoambiwa alijibu, "Ndiyo, ndiyo." Ukimuuliza ale au alale, ndiyo, ndiyo.

Vitendawili vikakatika. Kitendawili si kitu cha kupigiwa kelele. Kina sauti yake, ya chini, kama ya mtu anayeficha kitu kiganjani. Jioni moja Bibi alijaribu hata hivyo. Alijaza pumzi akatoa, "Nyumba yangu haina mlango!" Mzee akasema, "Ndiyo, ndiyo." Ila mke wa dereva, upande wa pili wa ukuta, akajibu wazi kabisa, "Yai!"

"Asante, jirani," Bibi akasema. "Sasa njoo uchukue na masufuria."

Walicheka, yeye na jirani, kila mmoja upande wake. Mzee akawatazama mkewe na ukuta, akatabasamu kwa adabu, kama mgeni kwenye arusi asiyemjua bwana wala bibi. Tabasamu lile ndilo lililomkosesha Bibi usingizi. Masufuria angeyaosha mpaka kufa, si neno. Lakini mtu aliyelala naye kitanda kimoja maisha yote kumfanyia tabasamu la mgeni, hilo hakuweza. Asubuhi alimshika mkono wakaenda kwa Fundi Masikio.

Fundi Masikio wa kwanza alikuwa mzee mmoja mpole, na ndiye aliyemvisha Seremala mapacha. Alipofariki, binti yake alirithi chumba, viti viwili, picha ya sikio lililokatwa nusu kama kitunguu, na jina pia. Chumba kilikuwa katikati ya mchonga funguo na muuza sare za shule, kwa hiyo daima kulikuwa na mlio wa chuma huku na harufu ya nguo mpya kule.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu," Bibi alisema. Mzee akasema, "Ndiyo, ndiyo."

Binti aliwachukua mapacha, akawafuta, akawasikiliza kwa mrija wake. "Ni wazima hawa. Wanataka kupandishwa tu." Akafungua kompyuta mpya, nyembamba kama sinia, akatumbukiza sahani ya programu, ile CD ya baba yake, kwenye kisomeo cha pembeni. Kompyuta ikafikiri. Kisha ikaandika maneno ambayo binti aliyasoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Imekataa?" Bibi aliuliza.

"Imekataa, bibi. Programu ni ya zamani, mfumo wa kompyuta hii ni wa kisasa. Hazijuani."

"Si uzitambulishe?"

Binti akacheka kidogo, lakini uso haukucheka wote. Alieleza kwamba kompyuta ya marehemu baba yake ilizima kwa harufu ya kuungua, na za namna ile alizozitafuta kwa wauza vitu vikuukuu zilikuwa maiti tupu. Mapacha nao hawakuelewana na programu nyingine yoyote. Hizi mpya haziwajui hata kwa sura.

"Na vifaa vipya?"

Binti alitazama meza. Bibi akaelewa bila kutajiwa bei.

"Nipe siku chache, bibi. Kuna njia ya kuilaza kompyuta ya zamani ndani ya hii."

Bibi aliinama akaitazama ile sinia ubavuni. "Ndani ya hii? Hapo hata sindano italala ubavu."

Siku hizo chache zilipita kwa kelele zile zile, kisha wakaitwa. Walimkuta binti macho mekundu lakini shingo imenyooka, kama mpishi aliyeonja akaridhika. Kwenye kioo cha kompyuta mpya, katikati, palikuwa na kioo kingine kidogo, cha buluu na kijivu, chenye herufi nene za kizamani.

"Ndiyo hiyo?" Bibi aliuliza. "Umeipitisha wapi?"

"Si ya kushikwa, bibi. Wenyewe wanaiita mashine pepe. Hii mpya nimeiambia: jifanye una kompyuta nyingine ndani yako. Igawie kumbukumbu kidogo, igawie na nafasi ya kuwekea vitu vyake. Baba alikuwa ameutunza mfumo wa zamani kwenye kopo la biskuti, nikauweka humo ndani. Ndani ya mfumo nikaweka programu ya mapacha. Haikulalamika hata."

"Na hiyo ya ndani haioni kwamba imebebwa?"

"Haioni. Inadhani imekaa mezani peke yake, kama enzi za baba."

"Basi usiiambie," Bibi alisema. "Wapo wazee wa hivyo. Ukiwaambia dunia imebadilika, hawali."

Alikaa kitini, na wazo likamjia taratibu, na lilipofika likakaa vizuri. Mtoto aliyezaliwa juzi amembeba kaka yake mkubwa. Kambeba wapi? Tumboni. Mdogo kambeba mkubwa tumboni. Kilikuwa kitendawili kipya kabisa, hakuna mke wa dereva wala mke wa nani aliyekijua, na Mzee, ingawa alikuwa amekaa pale pale, hakuwa amesikia hata neno. Bibi akakiweka mdomoni kama pipi, asikitafune. Kitafunguliwa nyumbani, jioni, vyombo vikiwa mezani. Tangu hapo alichotaka duniani ni hicho tu: kukitega, na kusikia mtu akijibu, "Tega."

Binti akawaunganisha mapacha kwa waya mwembamba na kisanduku cheusi cha baba yake, na waya wa kisanduku akauchomeka kwenye tundu la kompyuta. Kioo cha ndani kikaandika kwamba hakioni kifaa chochote.

"Waya umekufa?" Bibi aliuliza.

"Hapana. Mgeni ameingia, lakini mdogo ndiye aliyempokea mlangoni akamkalisha sebuleni. Mkubwa yuko chumbani, hana habari." Alifungua orodha fulani juu ya kioo, akatafuta jina la kisanduku, akalibofya. "Namkabidhi mgeni kwa mwenyewe."

Kisha kwenye kile kioo cha buluu na kijivu vikatokea vidoti viwili vya kijani, cha kushoto na cha kulia. Mapacha.

Binti alitoa pumzi ndefu, akajifuta uso kwa kiganja. "Baba angeona hivi," alisema, akaishia hapo.

Kazi ikaanza. Alimpigia Mzee filimbi nyembamba na nene, Mzee akainua kidole kila anaposikia, na mistari ya masikio yake ikajichora kwenye kioo. Lakini marehemu Fundi Masikio alikuwa na mtindo wake, na binti aliufuata: kazi haifungwi kwa filimbi. Baba alikuwa akisema nyumbani hakuna mtu anayeongea kwa filimbi. Mwishoni humwita yule anayeishi na mgonjwa, na kwa sauti ya huyo ndipo humalizia kupandisha na kushusha.

"Haya, bibi. Mwambie babu chochote."

Bibi alimgeukia mumewe, akajaza pumzi. "Mzee! Unanisikia, Mzee?"

Mzee aliruka kitini, akashika masikio. "Nakusikia, mama. Hata marehemu wazazi wako wamekusikia. Punguzeni."

Binti akacheka, akashusha kijiti cha sauti kwenye kioo. "Tena, bibi."

"Jirani anakusalimu!"

"Punguza kidogo tena," Mzee alisema.

Binti akashusha tena, na tena, mpaka Mzee akaweka mikono mapajani na kusema hapo ni sawa, hapo panaingia vizuri. Wote watatu walikuwa na furaha, na furaha ina tabia ya kuziba masikio hata ya wazima. Waliagana. Njiani, magari yalipokuwa yakipita na Bibi akipaza sauti kuyashinda, Mzee alimjibu kila neno, tena majibu ya maana. Alimuuliza hata habari za goti lake, ambalo hakuwa ameliulizia kwa muda mrefu. Bibi alitembea kama hana goti.

Jioni ikafika. Bibi alipika mapema kuliko kawaida. Wakala. Sahani zikabaki mezani, sufuria na ukoko wake kando. Nyumba ilikuwa imetulia, redio ya jirani imezimwa, mtaa umeingia ndani. Bibi alisogeza kiti chake, akapitisha mkono juu ya meza kuondoa makombo ambayo hayakuwapo, akasema kwa ile sauti ya kiganjani:

"Kitendawili."

Mzee alikuwa akichokonoa meno, akitazama dirisha.

"Kitendawili," Bibi akarudia.

Mzee aligeuka, akaona midomo yake imetoka kusema kitu. Akatabasamu lile tabasamu. "Ndiyo, ndiyo."

Bibi angeweza kupaza sauti. Pumzi ilikwisha jaa. Lakini aliona jinsi jambo litakavyokuwa: yeye anapiga kelele, ukuta unajibu, na kitendawili chake kipya kinakufa mikononi mwa mke wa dereva. Akaifunga pumzi. Akasimama, akakusanya vyombo, akaosha yote mwenyewe, na ukoko akausugua zaidi ya ulivyostahili.

Asubuhi walikuwa mlangoni kwa Fundi Masikio kabla mchonga funguo hajafungua.

"Mwanangu," Bibi alisema, hata salamu ikachelewa, "ile kompyuta yako ya tumboni imetudanganya. Barabarani alisikia, nyumbani hasikii. Labda ya ndani haikumpa mgeni maneno yetu yote. Labda iliyasema yenyewe kwa yenyewe."

Binti hakubisha. Aliwaketisha, akaamsha ile kompyuta ya ndani. Jana hakuwa ameizima, aliilaza tu, na sasa ilifumbua macho pale pale ilipoachwa, ukurasa wa masikio ya Mzee ukiwa wazi, kama mtu aliyekatizwa usemi anayeuliza, tulikuwa wapi? Akawaunganisha mapacha, akamkabidhi mkubwa mgeni wake, akasoma namba moja moja.

"Kila nilichokiweka jana kimo ndani ya mapacha, bibi. Hakuna kilichopotea." Alikuna shavu. "Hebu mwambie babu kitu."

"Mzee! Umelala vizuri, Mzee?"

"Nimelala vizuri," Mzee alijibu, "ila naona nimeamka kwenye ugomvi. Nimekosa nini?"

Binti aliacha mkono juu ya kipanya. Alimtazama Mzee, akamtazama Bibi, kisha akatazama kile kijiti cha sauti kwenye kioo, jinsi kilivyoketi chini kabisa.

"Bibi, jana jioni ulimwambia hivi hivi?"

"Hivi vipi?"

"Kwa sauti hii."

"Hapana. Jana nilimtegea kitendawili."

"Kwa sauti gani?"

"Ya kitendawili," Bibi alisema, akishangaa mtu mzima anaulizaje swali kama hilo.

Binti akafunika uso kwa mikono yote miwili, akabaki hivyo kidogo. Alipoifunua alikuwa akicheka kwa aibu. "Bibi yangu, kosa ni langu. Jana ulipiga kelele, nami nikashusha mapacha mpaka kelele yako ikawa sauti ya kawaida. Sasa sauti yako ya kawaida ikija, kwao ni kimya. Nilifurahia vile vidoti vya kijani mpaka nikasahau kusikiliza. Baba angenitimua humu."

"Mimi nilipiga kelele?"

"Ulipiga."

Bibi alimgeukia mumewe. "Mzee! Mimi napiga kelele?"

Kwa muuza sare, mtu alishtuka akaanguka na hanga la kutundikia nguo.

"Ndiyo, ndiyo," Mzee alisema, na safari hii alikuwa amesikia swali.

Bibi alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Kumbe ngazi aliyoipanda hakuwa ameishuka. Binti alipandisha kijiti nusu, akamwomba aseme polepole, kama nyumbani, kama zamani. Bibi akajaribu. Alianza chini vizuri, lakini mara tu Mzee alipomwinulia uso, sauti ikaruka yenyewe kama maziwa yanavyopanda ukigeuka. Mzee akashika masikio. Akajaribu tena kwa kutaja majina ya wajukuu. Wa kwanza akatoka vizuri, wa tatu akaitwa kama yuko ng'ambo ya mto.

"Siwezi," alisema. Na hilo alilisema chini, kwa sababu lilimtoka akimtazama binti. "Mwanangu, nimeipoteza. Sijui nimeiweka wapi."

Binti alifikiri. "Kile kitendawili cha jana ulikitega?"

"Sikukimaliza."

"Basi kitege sasa."

"Hapa? Mchana? Hata hatujala."

"Nitawaazima sufuria," binti alisema.

Bibi akacheka, na kicheko kikamlegeza mabega. Akasogeza kiti chake mpaka magoti yake yakakaribia ya mumewe. Alipitisha mkono juu ya meza ya watu, akaondoa makombo ambayo hayakuwapo. Kitendawili kilikuwa bado mdomoni, kizima, na kitendawili hakikubali kupigiwa kelele. Ukikipigia, jirani atajibu, na jirani hapa alikuwa mchonga funguo. Sauti ikashuka. Ilishuka hatua kwa hatua mpaka ikafika kiganjani.

"Kitendawili," alisema.

Mzee alikuwa akimtazama, shingo ameinyoosha mbele. Binti alisukuma kijiti juu kidogo, bila mlio.

"Kitendawili," Bibi akarudia, vile vile.

Kijiti kikapanda tena. Kitu kikatembea usoni mwa Mzee, kuanzia kwenye nyusi kuteremka.

"Tega," alisema.

Bibi alikunja na kukunjua kidole cha mumewe, kile kilichopinda kwa kupigwa nyundo, kisha akasema:

"Mdogo kambeba mkubwa tumboni."

Mzee alifikiri. Alifikiri kwa raha, kama mtu aliyekaribishwa chakula baada ya safari. "Mimba?"

"Mimba ni ya mdogo. Mimi nimesema mkubwa."

"Chungu kipya chenye maharage ya mwaka jana."

Binti akaangua kicheko. Bibi alitikisa kichwa. "Karibu, lakini hapana. Jibu liko humu chumbani."

Mzee alizungusha macho: viti, picha ya sikio, kisanduku, kompyuta iliyo mbele ya pua yake na kioo chake kidogo cha buluu na kijivu. Hakuliona jibu, kwani jana lilipoelezwa yeye alikuwa mbali, akisema ndiyo, ndiyo. Bibi alimwangalia kwa makini kama anajifanya. Hakuwa anajifanya.

"Nimeshindwa. Chukua mji."

"Nimeuchukua," Bibi alisema, kisha akamwelezea yote tangu mwanzo, ya mdogo, ya mkubwa, ya mgeni aliyekalishwa sebuleni, kwa sauti ile ile ya chini, na binti akaacha kijiti pale kilipo na kuhifadhi marekebisho.

Jioni ile Mzee alikunja mikono ya shati bila kuambiwa. Bibi alibaki mezani, miguu juu ya kiti cha pili, akisikiliza maji. Mara vyombo vikanyamaza. Mzee akachungulia mlangoni, sufuria mkono mmoja na mfuniko mkono wa pili, uso umekunjamana.

"Mama, hivi masufuria haya yanapiga kelele namna hii siku zote?"

"Siku zote."

"Na wewe?"

"Mimi," Bibi alisema polepole, "nimeacha."